Uzi: Makaburi ya vita ya Wagiriki wa kale, nani aliona kwa macho yake na nani aliambiwa tu?

Msomaji wa Usiku:

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua muda mrefu sasa nimeona nikilete hapa maana humu kuna watu wanaopenda historia kwelikweli. Tunasoma kwamba vita fulani ya Wagiriki wa kale walikufa watu kadhaa na wakazikwa palepale, tunameza, tunaendelea na ukurasa unaofuata. Mi siku hizi nikifika hapo nasimama najiuliza, huyu anayeniambia hivi alijuaje? Alifika mwenyewe akaliona hilo kaburi, au kuna mzee alimhadithia, au alisoma majina kwenye jiwe?

Kilichonifanya nianze kuuliza ni Plataea. Mwaka 479 KK Wagiriki waliwapiga Waajemi pale, vita kubwa ya nchi kavu iliyomaliza uvamizi wa mfalme wao Xerxes. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ileile, mwishoni mwa kazi yake anayataja makaburi moja baada ya jingine, Wasparta walichimba matatu, Wategea lao, Waathene lao, Wamegara na Waphlius lao, na yote hayo anasema yalikuwa na watu ndani. Alafu anaongeza kitu ambacho kilinifanya nifunge kitabu kwanza nitulie. Anasema yale matuta mengine yanayoonekana pale Plataea, kwa jinsi alivyoambiwa, ni matupu. Hayana mtu. Miji ambayo watu wake hawakuwepo kwenye mapigano iliona aibu, ikarundika udongo ili watu wa baadae wakipita wadhani nao walipoteza vijana wao pale. Na anataja mpaka mfano, tuta la Waegina, watu wa kisiwa cha Aegina, kwamba lilijengwa miaka 10 baada ya vita, kazi ikasimamiwa na mtu wa Plataea aitwaye Cleades mwana wa Autodicus ambaye ndo alikuwa mwenyeji wao pale, na ni wao wenyewe walimwomba.

Kwaiyo ona tulipofika. Kaburi lenyewe linaweza kudanganya. Sisi tunadhani kitabu ndo cha kutiliwa shaka na kaburi ndo ushahidi, kumbe hapa kitabu ndo kinatuonya kuhusu kaburi. Nataka tujadili hili taratibu, vita moja moja.

Nahodha77:

Mkuu umeanza vizuri ila Herodotus tena? Si ndo huyuhuyu aliyeandika habari za sisimizi wa India wanaochimba dhahabu, wakubwa kuliko mbweha? Wengine wanamwita baba wa uongo toka zamani. Nitamwaminije mtu huyo akiniambia tuta hili tupu na lile limejaa?

Msomaji wa Usiku:

Swali zuri Nahodha na ndo kiini chenyewe. Hao sisimizi hakusema aliwaona, alisema ndivyo Waajemi wanavyosimulia. Mtu ukimsoma haraka unakosa hayo maneno madogo, "naambiwa", "wanasema", "mimi niliona", na kwake yeye hayo maneno ndo kila kitu.

Chukua Pelusium, mpakani mwa Misri upande wa mashariki. Mwaka 525 KK Waajemi chini ya mfalme wao Cambyses waliwapiga Wamisri pale. Herodotus alifika kwenye uwanja huo miaka mingi baadae, mifupa bado ilikuwa imelala juu ya ardhi, ya Waajemi upande wake na ya Wamisri upande wake kama walivyotenganishwa toka mwanzo. Anasema mafuvu ya Waajemi ni dhaifu kiasi kwamba ukirusha kijiwe kidogo unalitoboa, ya Wamisri ni magumu hata ukipiga kwa jiwe kubwa halipasuki kirahisi. Sasa angalia anavyogawa. Mafuvu aliyaona, hilo ni lake. Sababu aliipata kwa wenyeji, walimwambia Wamisri wananyoa vichwa toka utotoni fuvu linakomaa kwa jua, Waajemi wanavaa kofia za sufu maisha yao yote, na anakiri aliambiwa na akakubali. Sisi leo tunaweza kuikataa hiyo sababu kabisa bila kukataa kwamba alisimama pale kwenye mifupa.

Na anaongeza kuwa aliona hali hiyohiyo Papremis, kwa Waajemi ambao Inaros Mlibya, aliyeongoza uasi wa Misri, aliwaua pamoja na kamanda wao Achaemenes. Hiyo vita ya Papremis ni ya kama mwaka 460 KK hivi, kwaiyo alifika Misri baada ya hapo, yaani mifupa ya Pelusium ilikuwa imekaa pale miaka zaidi ya 60 bila kuzikwa. Muiweke akilini hii vita ya Inaros maana tutairudia.

Dalali wa Vitabu:

Naomba kuongezea. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki ambaye alizaliwa kama karne tano baada ya vita hizi, aliandika kitabu kizima cha kumshambulia Herodotus, na hoja ya makaburi matupu ya Plataea ni moja ya zilizomuudhi. Ila Plutarch mwenyewe ni mtu wa Boeotia, mkoa uleule wa Thebes, na Herodotus anawaonyesha Wathebes wakiwa upande wa Waajemi. Kwaiyo naye ana lake moyoni. Na hata hiyo habari ya Waegina tujiulize nani alimwambia Herodotus, manake Waplataea walikuwa marafiki wa damu wa Athene na Aegina alikuwa adui wa Athene miaka na miaka. Akisema "naambiwa", aliyemwambia anaweza akawa na kinyongo chake.

Msomaji wa Usiku:

Dalali hapo umegusa penyewe, asante sana. Hata mi naliamini nusu lile la Waegina, ila naamini kabisa kwamba matuta yalikuwepo na watu wa pale walikuwa na maneno kuhusu matuta hayo.

mama_Tunu:

Mimi nilisoma Marathon tu shuleni, ile ya mtu aliyekimbia. Waliokufa ni Waathene 192, Waajemi 6,400. Hizo namba zilitoka wapi kwa usahihi hivyo?

Msomaji wa Usiku:

Mama Tunu hizo ni za Herodotus, vita ya 490 KK, na yeye inakadiriwa alizaliwa kama 484 KK, kwaiyo hakuwepo hata tumboni. Lakini namba mbili hizo hazina uzito sawa kabisa na watu wanazitaja pamoja kama mapacha.

Hii 192 inawezekana sana ilitoka kwenye mawe. Athene walikuwa na desturi ya kuchonga majina ya waliokufa vitani, kabila kwa kabila, maana mji ulikuwa umegawanywa makabila 10. Pale Marathon waliwazika palepale uwanjani, wakainua tuta kubwa ambalo lipo mpaka leo, kama mita 9 kwenda juu. Msafiri Pausanias alifika karne ya pili BAADA ya Kristo, miaka 600 na zaidi baadae, akaandika kwamba mawe yenye majina bado yamesimama juu yake, kila kabila na watu wake. Yaani mtu yeyote aliyetaka kuhesabu angehesabu. Schliemann, yuleyule aliyechimba Troy, alichimba tuta hilo 1884 akatoka na vitu vichache akasema ni la zamani zaidi kuliko vita, alafu Mgiriki Stais akachimba 1890 na 1891 akaenda chini zaidi, akakuta tabaka la majivu na mkaa na mifupa iliyoungua na vichupa vya udongo vya mafuta vya kipindi kilekile cha vita. Kwaiyo jiwe, kitabu na udongo vinakubaliana.

Hiyo 6,400 ndo shida. Pausanias huyohuyo anasema Waathene wanadai waliwazika Waajemi maana ni wajibu kufunika maiti, lakini yeye alitafuta hakuona kaburi, hakuona tuta wala alama yoyote, akadhani walitupwa tu kwenye shimo. Nampenda sana kwa sentensi hiyo. Alienda, alitafuta, hakuona, akaandika hakuona. Na kuna hesabu moja wataalamu wameigundua, gawanya 6,400 kwa 192, unapata 33 na theluthi moja kamili, yaani Waajemi 100 kwa kila Waathene 3. Namba ya kuhesabu maiti haitokei imenyooka hivyo, hiyo inanukia makadirio ya mtu aliyehesabu sehemu moja akazidisha.

Nahodha77:

Ila Xenophon, mwanahistoria wa baada ya Herodotus, si anasema Waathene waliweka nadhiri ya kuchinja mbuzi mmoja kwa kila adui watakayemuua, mbuzi wakakosa, wakaamua wawe wanachinja 500 kila mwaka? Ili ujue mbuzi wamekosa lazima ulihesabu maiti.

Msomaji wa Usiku:

Ni kweli na ni hoja nzito, Xenophon anasema mpaka siku zake walikuwa bado wanachinja. Inaonyesha walijua ni wengi mno. Mi bado sioni kama inatufikisha kwenye 6,400 kamili, ila nakubali kulikuwa na jitihada ya kuhesabu.

Dalali wa Vitabu:

Msisahau Thermopylae, 480 KK, njia nyembamba ambako Wagiriki wachache waliwazuia Waajemi. Herodotus anasema Xerxes alipopoteza kama watu 20,000 pale aliwafukia wengi kwenye mitaro akafunika na majani na udongo, akaacha kama 1,000 tu waonekane, alafu akawaita wanamaji wake waje waone. Wakaja, na anasema hawakudanganyika, maana maiti za Waajemi zilizoonekana zilikuwa 1,000 tu na za Wagiriki zimerundikwa sehemu moja, 4,000. Kwaiyo udanganyifu wa makaburi upo pande zote mbili za vita ile.

Msomaji wa Usiku:

Kabisa. Na hapohapo Thermopylae anasema aliyajua majina ya wale Wasparta 300 wote. Hakuyaandika, ila anasema aliyajua. Pausanias baadae aliliona Sparta jiwe lenye majina yao pamoja na majina ya baba zao. Sijui kwa wengine ila mi nikisoma hapo namwona Herodotus akiuliza jina moja moja kwa watu wa Sparta, na inaniuma hakuyaweka kwenye maandishi maana jiwe limepotea.

mama_Tunu:

Kuna sehemu hata moja ambapo kaburi limechimbuliwa likakutana na kitabu uso kwa uso?

Msomaji wa Usiku:

Ipo mama, na ndo ninayoipenda kuliko zote, naomba mnivumilie niandike ndefu.

Athene ilishindwa na Sparta mwaka 404 KK, wakawekewa watawala 30 wakatili, wananchi waliotaka demokrasia yao irudi wakajikusanya bandarini Piraeus. Mwaka 403 mfalme wa Sparta, naye jina lake Pausanias lakini siyo yule msafiri, akapambana nao huko karibu na bandari. Xenophon anaandika kwamba pale waliuawa Chaeron na Thibrachus, wote makamanda, na Lacrates aliyekuwa mshindi wa Olimpiki, na Wasparta wengine waliozikwa mbele ya malango ya Athene kwenye Kerameikos, eneo la makaburi. Sentensi moja tu hiyo, anapita anaendelea na mambo mengine. Xenophon alikuwa Mwathene, kijana wakati huo, na wengi wanaamini alikuwepo mjini akiwa na wapanda farasi, ingawa yeye mwenyewe hasemi "nilikuwepo".

Karne ya 20 Wajerumani wakichimba Kerameikos, nje kidogo ya lango, kando ya barabara pana, wakakuta jengo refu la mawe lenye vyumba, ndani wanaume 13 wamelazwa mmoja pembeni ya mwingine. Mmoja ana ncha ya mkuki kwenye mbavu, mwingine ana vichwa vya mishale mguuni. Na jiwe la maandishi likapatikana, limeandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kwa herufi za kwao Sparta, siyo za Athene, na majina yanayosomeka ni Thibrakos na Chairon, na cheo chao, makamanda. Majina yaleyale!! Miaka zaidi ya 2,300 imepita, mtu aliandika majina mawili kwenye sentensi moja na udongo ukayatoa.

Hapo ndo naelewa tofauti ya mtu aliyekuwa karibu na tukio. Hakupamba, hakutoa idadi ya kutisha, alitaja majina, mahali na lango. Vitu ambavyo mtu wa mjini angevijua kwa kupita barabarani tu.

Nahodha77:

Aisee hii sikuijua. Nimekaa kimya dakika nzima.

Vipi Thucydides? Huyo ndo tunaambiwa alikuwa makini kuliko wote.

Msomaji wa Usiku:

Alikuwa makini kweli, na alikuwa ndani ya vita aliyoiandika, ile ya Athene na Sparta, aliugua ile tauni ya Athene akapona, alikuwa jenerali, akashindwa kuokoa mji wa Amphipolis akafukuzwa nchini miaka 20. Maelezo yake ya mazishi ya kitaifa ya Athene nayaamini neno kwa neno kwa sababu hiyo ni desturi aliyokua akiiona. Mifupa inawekwa hadharani siku tatu kabla ndugu walete walichonacho, alafu masanduku ya mbao za saipresi, moja kwa kila kabila, na jeneza moja linabebwa tupu limetandikwa, kwa ajili ya wale ambao miili yao haikupatikana. Wanawake wa familia wanakuja kulia kaburini. Ndipo mtu aliyechaguliwa na mji anahutubia, na mwaka ule wa kwanza wa vita alikuwa Pericles, kiongozi wa Athene.

Lakini hapohapo Thucydides anateleza. Anasema Waathene wanawazika wafu wao wa vita kila mara pale mjini isipokuwa wale wa Marathon tu. Sasa Plataea je? Herodotus anasema Waathene waliokufa Plataea walizikwa Plataea! Na Pausanias msafiri aliliona kaburi la Waathene hukohuko. Mtu makini kuliko wote, anaongea habari ya mji wake, ila ya kabla hajazaliwa, na anakosea. Alivyoviona anavijua, vya babu zake anavibeba kama wengine wote walivyovibeba.

Na nilisema tutarudi kwenye vita ya Inaros Misri. Thucydides anasimulia kwa kifupi kwamba Athene walipeleka meli kumsaidia Inaros dhidi ya Waajemi wakati huohuo wanapigana sehemu nyingine kibao. Ukisoma unaona kama anazidisha, mji mmoja utapigana wapi kote huko? Jiwe lipo makumbusho ya Louvre, Paris, la kabila moja tu la Erechtheis, linaanza kwa kusema hawa walikufa vitani Cyprus, Misri, Foinike, Halieis, Aegina, Megara, MWAKA MMOJA. Alafu yanafuata majina, zaidi ya 170. Kabila moja kati ya 10. Kuna majenerali humo na kuna mpaka mganga wao wa kutabiri, Telenikos, wamemchonga pamoja na wapiganaji. Hapo Thucydides anatoka safi, tena inaonekana alipunguza maneno kuliko uzito wa jambo lenyewe.

Dalali wa Vitabu:

Mtu wa Himera atasema nini humu? Maana ile imewageuzia wanahistoria meza.

Msomaji wa Usiku:

Ilikuwa kichwani Dalali. Himera ni Sicily, kaskazini. 480 KK Wagiriki wa kisiwani waliwapiga Wakarthago pale, 409 KK Wakarthago wakarudi wakauangamiza mji. Herodotus na baadae Diodorus, huyu wa pili mwenyeji wa Sicily ila karne nne baadae, wanasimulia ile ya kwanza kama ushindi wa Wagiriki kusaidiana, Gelon wa Syracuse na Theron wa Akragas. Makaburi ya halaiki ya vita zote mbili yamechimbuliwa miaka ya karibuni, wakapima kemikali za meno na baadae DNA, matokeo yakatoka 2021 na 2022. Waliozikwa 480 kama theluthi mbili hawakukulia Himera, na kati yao walikuwemo watu ambao asili yao ni kaskazini mwa Ulaya, nyika za huko juu na Caucasus. Mamluki hao. Wale wa 409 wengi ni wenyeji, robo tu ndo wa nje, na inaingia akilini maana safari ile mji uliachwa peke yake.

Hakuna aliyesema uongo moja kwa moja. Herodotus alisikiliza Wagiriki wa Sicily wakisimulia ushindi wao, na anakuambia kabisa ni wao wanasema. Mtu akisimulia ushindi wa ukoo wake huwa hawataji vibarua waliolipwa.

mama_Tunu:

Umenigusa hapo kwenye vibarua. Nilikuwa nataka kuuliza toka mwanzo, watumwa na wabeba silaha walizikwa wapi? Maana wote mnaotaja ni raia wenye majina.

Msomaji wa Usiku:

Mama Tunu, Pausanias anasema pale Marathon kuna kaburi la pili, la Waplataea pamoja na watumwa, maana ndo mara ya kwanza watumwa walipigana. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Marinatos alichimba tuta jingine upande wa Vrana akasema ndo hilo, wengi hawakukubaliana nae.

Na lile la Plataea nililoanza nalo, moja ya makaburi matatu ya Wasparta lilikuwa la waheloti, wale watu waliotawaliwa na Sparta wakiwalimia mashamba. Herodotus anasema waheloti waliokwenda Plataea walikuwa 35,000, saba kwa kila Msparta mmoja. Kuhusu waliokufa siku ya mwisho anatoa namba kamili, Wasparta 91, Wategea 16, Waathene 52. Nimerudi kwenye hiyo sehemu mara nyingi kutafuta ya waheloti. Kaburi lao amelitaja, na amesema lilikuwa na watu ndani. Idadi hakuandika.